Barua kwa mwanangu anayekwenda Kitgum

Mwanangu,

Salamu baada ya salamu. Sisi huku Bombo hatujambo, ila presha ya mama yako inapanda na kushuka, na habari ya kazi yako mpya haikuisaidia. Nimeisikia kwa dada yako. Mtu anapata kazi ya serikali, anapelekwa kituo cha afya kando ya mto Pager huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, na baba yake anapata habari kwa mdomo wa pili! Haya, yamepita. Hongera. Muuguzi katika ukoo huu ni wewe peke yako, na nimeshawaambia watu wote msikitini, hata wasioniuliza.

Ninachokuandikia ni mtoto. Mwache huku.

Najua utakachosema, maana ulishamwambia mama yako kwenye simu: ugonjwa wa kutikisa kichwa, kile kifafa cha watoto kinachohusishwa na mnyoo wa usubi, ni habari ya zamani, wagonjwa wapya karibu hawaonekani tangu serikali ilipoanza mwaka 2012 kugawa ivamektini, dawa ya mnyoo huyo, mara mbili kwa mwaka na kumwaga dawa mtoni ya kuua viluwiluwi vya nzi weusi wanaomweneza. Sikatai. Lakini ivamektini hiyohiyo hapewi mtoto wa chini ya miaka 5, na mjukuu wangu ana miaka 4. Utagawa dawa kijiji kizima, ukirudi nyumbani wako hana. Mnyoo wa usubi akishaingia anaweza kukaa mwilini hata miaka 15, na dawa inaua vitoto vyake tu, mkubwa anabaki. Chandarua usinitajie. Nzi hao wanauma mchana.

Mimi niliwaona watoto wale tulipokuwa tunalinda kambi za waliokimbia vita vya waasi upande huo. Mtoto wa miaka minane hivi amewekewa ugali wa posho, mkono haujafika kwenye sahani, kichwa kinashuka, kinainuka, kinashuka tena. Sahani ikiondolewa, kinatulia. Sisi askari tulisema njaa, tukaendelea na doria. Wengine walisema ni sumu ya mabomu, wengine roho za waliouawa. Baadaye ndipo tukasikia fulani kaangukia motoni, fulani kazama mtoni, na kwamba mama akienda shambani humfunga mtoto kamba kwenye mti asije akapotea. Utawakuta mama hao, sasa wamezeeka. Usiwakaripie kwa habari ya ile kamba. Una ulimi mkali, na hukuutoa kwangu.

Ile habari ya mwaka 2017 ulinieleza vizuri, ya watafiti wa Marekani waliopima damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto wagonjwa, wakakuta kwa wengi wao kinga ya mwili inapiga protini iliyomo ndani ya ubongo wenyewe, leiomodini, kwa sababu inafanana na kitu cha yule mnyoo. Hilo sikuhitaji shule kulielewa. Waasi walivaa sare kama zetu. Unafyatua usiku, asubuhi unakuta uliyempiga ni mwenzako. Ila nimesoma pia kwamba si kila mgonjwa anakutwa na kinga hiyo, na wataalamu bado wanabishana. Basi kama wao wanabishana, mimi mstaafu ninyamaze mjukuu wangu akichezea maji ya Pager?

Utasema naogopa kivuli. Sawa, naogopa kivuli. Mwache huku.

Wewe mwenyewe kazi itakuwepo. Watoto wa wakati ule sasa ni vijana wakubwa, wengine miili imedumaa, wengine hata kujivalisha hawawezi, na wanakula dawa ya kifafa kila siku. Valproeti ikikatika stoo, wanaanza kuanguka upya. Usingoje kopo libaki na vidonge viwili ndipo uandike wilayani. Andika mapema, weka nakala, na aliyepokea asaini. Jeshini tulijifunza kwamba ombi lisilo na nakala halikuandikwa. Na ukienda kijijini, funika miguu. Hata kama wewe ni mtu mzima, funika.

Mtoto akibaki ataanza madrasa na wenzake wa hapa mtaani, na chekechea nitalipa kwa pensheni. Inachelewa lakini inakuja. Mama yako anasema hana nguvu za kumkimbiza, kisha nimemkuta ameshafua godoro dogo, limeanikwa uani. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mabati ya jikoni yanavuja palepale, fundi anataka 80,000, nimemwambia arudi akiwa na akili.

Basi la Kitgum linapita hapa. Mwambie kondakta asimame steji ya Bombo. Nitakuwepo tangu alfajiri, sitaki wasingizie kwamba hawakuona mtu. Usimfungie zile kandambili za buluu, zinamchubua. Kadi yake ya chanjo uiweke juu kabisa kwenye mkoba. Na sufuria kubwa ya mama yako uliyoiazima wakati wa Idi, ishuke pamoja na mtoto.

Ni mimi,
Baba yako