Msiusomee LSAT Mafichoni: Barua kwa Vijana Wetu wa Marekani na Kanada

Wanangu wa Lexington, Louisville, Dallas, Minneapolis, Ottawa na kokote mliko,

Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazituma. Marahaba. Nawaandikia kwa jambo moja: wengi wenu mnausomea LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria, kwa siri, na siri hiyo inawarudisha nyuma.

Nimelijua hili kwa kukaa nanyi. Binti ananinong'oneza jikoni kwamba ameanza kujiandaa kwa LSAT, kisha ananiomba mama yake asijue. Hazipiti wiki nyingi, kijana wa jengo lile lile ananiambia maneno yale yale. Wanapanda basi moja kwenda kazini, kila mmoja na kitabu chake mkobani, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Nikiuliza kwa nini, naambiwa, "Shangazi, nikifeli watanicheka." Wengine wanaogopa kijicho. Hofu hiyo naielewa vizuri. Tumetoka mbali, wengine wetu kwa njia ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, na mtoto anayefika chuo kikuu huwa amebeba matumaini ya ukoo mzima. Akijikwaa, kila harusi na kila msiba atakaokwenda, ataulizwa. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na sijaona mtihani unaowaumiza wenye kujificha kama huu.

Sababu ni namna ulivyotungwa. LSAT hauna kifungu hata kimoja cha sheria ndani yake. Hauulizi katiba, hauulizi historia, hauna kanuni za kukariri. Tangu ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1948, kazi yake ni kupima mtu anavyosoma na anavyopima hoja. Kuanzia Agosti 2024 una sehemu 4 za dakika 35 kila moja: mbili za kuchambua hoja, moja ya kusoma na kuelewa habari ndefu, na moja isiyohesabiwa kwenye alama, ambayo huwezi kuitambua kati ya wenzake, kwa hiyo usipoteze nguvu kuitafuta. Yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za juma, yaliyowakosesha usingizi kaka na dada zenu, yameondolewa. Ukipewa kitabu cha zamani, sura hizo ziruke. Yaliondoka baada ya kesi ya mtu asiyeona, aliyesema kwamba maswali yanayomtaka mtu achore michoro yanamnyima haki yake. Wakamalizana kwa makubaliano mwaka 2019. Ninyi mnaotaka kuwa mawakili likumbukeni hilo: madai ya mtu mmoja yaligeuza mtihani unaofanywa na maelfu kwa maelfu.

Sasa, wengi wenu mmefika hapa kwa kupiga msuli peke yenu. Usiku kucha, daftari na kalamu, unakariri mpaka kinaingia. Kwa biolojia hilo linawezekana. Kwa LSAT, kosa haliko kwenye kitu usichokijua, liko kwenye njia uliyopita ukifikiri, na akili iliyokupeleka kwenye jibu baya ndiyo hiyo hiyo unayoitumia kulikagua. Itajitetea. Ndiyo maana mtu anafanya majaribio kumi, alama ziko pale pale, na anaanza kuamini kwamba hana kichwa cha sheria.

Niwaonyeshe nilichokiona mezani kwangu. Vijana wanne walikuwa na hoja hii, ambayo nimeiandika upya kwa maneno yangu: mji uliweka taa mpya barabarani mwaka jana; mwaka huu ajali za usiku zimepungua; kwa hiyo taa zimepunguza ajali. Swali: ni jambo gani, likiwa kweli, litaidhoofisha hoja hiyo zaidi? Mmoja alichagua jibu lililosema taa ziligharimu fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwingine alichagua lililosema ajali za mchana nazo zimepungua kwa kiasi kile kile. Huyu wa pili alikuwa sahihi, na angekuwa peke yake angeweka alama ya vema akaendelea mbele. Wenzake wakamwambia, eleza. Akaanza, akakwama. Alikuwa amelichagua kwa sababu yale mengine hakuyapenda.

Wakarudi mwanzo. Yule wa gharama akaulizwa: hoja imesema taa ni rahisi? Haikusema. Imesema taa zimepunguza ajali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesoma kama mlipa kodi." Hapo ndipo nilipofurahi, maana alikuwa ameligundua kosa lake la kila siku: analeta mezani jambo zito ambalo halikuulizwa. Kisha binti mmoja akamsaidia yule aliyekwama: kama ajali za mchana, ambapo taa hazina kazi, zimepungua sawasawa na za usiku, basi huenda kuna kitu kingine kilichozipunguza zote mbili. Swali moja liliwachukua karibu nusu saa. Kwenye mtihani mtalipata kwa chini ya dakika moja na nusu. Lakini hiyo nusu saa ndiyo inayoinunua ile dakika.

Kwa hiyo tafuteni watu watatu au wanne, msizidi hapo. Mkiwa kumi, wawili wataongea na wanane watatikisa vichwa. Si lazima wawe na alama sawa na zako; anayekuzidi kidogo atakuvuta, na unayemzidi atakulazimisha kueleza. Jaribio kila mtu alifanye peke yake, akijipimia muda kwa saa, simu ikiwa mbali. Kabla ya kuangalia majibu, urudie maswali yaliyokutia shaka bila saa, uandike jibu la pili pembeni. Hapo utajua kama tatizo lako ni muda au ni kuelewa, na hayo ni maradhi mawili yenye dawa tofauti. Mkikutana, msisomeane majibu sahihi. Kila mmoja alete maswali matatu yaliyomshinda, aeleze kwa sauti kwa nini alichagua alichochagua, kisha kwa nini kila moja ya yale majibu manne mengine halifai. Daftari la makosa kila mtu awe na lake, na aandike aina ya kosa, si herufi ya jibu.

Najua wengi mnafanya zamu za usiku, ghalani au kwenye nyumba za kutunzia wazee. Msijilinganishe na mwanafunzi aliyeacha kila kitu kusoma saa nane kwa siku. Sehemu moja ya dakika 35 wakati wa mapumziko, ukaichambue vizuri kesho yake, inashinda mtihani mzima unaoufanya ukisinzia. Na msikutane kila siku. Mara moja kwa wiki, bila kukosa, inatosha.

Mkikosa watu karibu, mtandao wa video upo, na si lazima kundi lote liwe la Waswahili. Waulizeni chuoni kama kuna chama cha wanaojiandaa kwa sheria. Shirika la CLEO, lililoanzishwa mwaka 1968, kazi yake ni kuwaandaa vijana wa jamii ambazo hazijawa na mawakili wengi. Na matawi ya chama cha wanafunzi weusi wa sheria, NBLSA, yako katika shule nyingi. Waandikieni, ulizeni kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeweza kuzungumza nanyi. Huyo ndiye anayekumbuka uchungu wa mtihani ukiwa bado mbichi.

Kuna mpaka mmoja msiuvuke. Siku ya mtihani mnakubali kwa ahadi kwamba hamtatoa nje yaliyomo. Baada ya mtihani, kundi la WhatsApp lisianze "lile swali la nyuki ulijibu nini?" Hata kama mnafarijiana tu. LSAC, baraza linalouendesha mtihani huu, linachunguza mambo haya na shule huarifiwa, na wakili mtarajiwa huulizwa habari za uaminifu wake mpaka siku anapoomba leseni. Semeni mmechoka, semeni mmeogopa, muulizane mmekula nini. Maswali yaacheni ndani.

Mwenye tatizo la macho, la kusoma, la kutulia au ugonjwa wowote unaomzuia, aombe muda wa ziada na nafuu nyingine mapema, na karatasi za daktari. Kwetu mambo haya tunayafunika, najua. Zamani alama za waliopewa muda wa ziada zilipelekwa shuleni zikiwa na maelezo yanayoonyesha hivyo. Makubaliano ya kesi mwaka 2014 yalikomesha jambo hilo. Leo shule haitaona tofauti.

Kuhusu alama zenyewe: zinaanzia 120 na kuishia 180, na jibu baya halipunguzi kitu, kwa hiyo usiache swali tupu. Unaweza kurudia, lakini mara 7 tu maishani, kwa hiyo usiende "kujaribu bahati". Alama ya kwanza ikiwa chini, haijafunga mlango. Shule nyingi huangalia ile ya juu zaidi. Ndani ya kundi lenu, kubalianeni tangu mwanzo kama mtatajiana alama au la. Nimeona urafiki ukipoa kwa sababu mmoja alipanda pointi 9 na mwenzake akashuka 2. Anayeshuka asiachwe anyamaze wiki nzima. Mpigieni.

Nanyi wazazi mnaosoma barua ya watoto, nawaomba msiulize alama. Ulizeni ratiba, muwapunguzie kumlea mdogo wao siku ya jaribio. Hilo ndilo litakalowasaidia.

Wenye Kifaransa kizuri huko Kanada, hasa mliotoka Kongo, jueni kwamba LSAT ni wa Kiingereza, na programu za sheria zinazofundishwa kwa Kifaransa, kama ile ya Ottawa na ile ya Moncton, haziutaki. Na ndugu zenu waliomaliza shahada ya sheria Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa wakitaka kusoma LL.M., yaani shahada ya uzamili ya sheria, hapa, kwa kawaida hawauhitaji. Waulizeni shule wenyewe kabla ya kutumia hata senti.

Tukija kwenye senti: LSAC ina msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo. Unagusa ada ya mtihani, faili la maombi, na mwaka mmoja wa LawHub, tovuti ya LSAC ya kujizoeza, ambamo kuna mitihani ya nyuma zaidi ya 50. Na shule nyingi humsamehe mwenye nao ada ya maombi pia. Someni masharti, kwa sababu hali ya ukaazi inahusika. Muhimu zaidi, ombeni kabla ya kujiandikisha, kwani ada uliyokwisha kulipa hairudishwi. Hata asiye na msamaha anapata majaribio machache ya bure LawHub. Anzeni na hayo kabla ya kununua kozi yoyote ya mamia ya dola.

Hapa Lexington meza yangu iko wazi Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni. Aliye mbali aniandikie mji wake na mwezi anaokusudia kufanya mtihani, nami nitamtafutia wenzake wa mwezi huo huo. Atakayekuja aje na sehemu moja aliyoifanya kwa saa, akiwa bado hajaangalia majibu.

Shangazi yenu,
mkalimani wa mahakama mstaafu, Lexington, Kentucky