Baluku, mlima utachaguliwa na upepo

Inverness, Uskoti
Jumapili jioni, Januari

Mdogo wangu Baluku,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kilembe. Baba na Mama wape shikamoo zangu.

Uliuliza kwenye simu tutapanda mlima gani Februari utakapofika. Jina nitakupa Ijumaa jioni, usiku mmoja kabla ya kutoka, wala sikufichi kitu. Majira ya baridi huku mtu akichagua mlima kwanza kisha ndipo atazame hali ya hewa, atajikuta anatafuta utabiri wa kumfurahisha. Tunaanza na upepo, halafu tunatafuta mlima unaoelewana nao.

Vimo visikudanganye. Ben Nevis, mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Fort Portal mjini pako juu kuliko hapo. Najua utacheka, wewe unayepeleka wageni kilele cha Margherita huko Rwenzori, kwenye mita 5,109. Ila Uskoti iko kaskazini sana, na dhoruba za Atlantiki huipitia moja baada ya nyingine kipindi chote cha baridi. Kileleni Cairn Gorm, mita 1,245 tu, tarehe 20 Machi 1986 ilipimwa dharuba, yaani pigo la ghafla la upepo, ya maili 173 kwa saa, yaani kilomita 278.

Kazi yenyewe huanza Jumatatu. Kila siku andika mambo matatu kwenye daftari: upepo umetoka wapi, theluji mpya imeanguka kiasi gani, na kama joto la vilele limepanda juu ya sifuri. Upepo wa kusini-magharibi huikomba theluji ya upande unaopigwa na kuimwaga upande wa pili, kaskazini-mashariki, ambako hushikana kama ubao mgumu uliolazwa juu ya tabaka legevu. Mtu akiukanyaga, ubao wote hukatika na kuteleza naye. Hilo laweza kutokea hata baada ya siku isiyonyesha theluji kabisa, maana upepo huhamisha ile iliyokuwepo. Miteremko ya hatari ni hasa ile ya digrii 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida hukaa. Juu ya hapo haijilimbikizi sana, humwagika kidogo kidogo.

Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili hivi, Scottish Avalanche Information Service, huduma ya taarifa za maporomoko ya theluji Uskoti, hutoa taarifa yake kila jioni kwa maeneo sita: Lochaber, Glencoe, Creag Meagaidh, Torridon, na Cairngorms kaskazini na kusini. Hatari hupewa daraja la 1 hadi 5. Watu wengi husoma namba wakafunga ukurasa, na hilo ndilo kosa. Chini ya namba pana mchoro wa duara uliogawanywa kama dira, wenye rangi kwa kila upande wa mlima na kwa kila kimo. Jumla ikiwa 2, lakini kipande cha kaskazini-mashariki juu ya mita 900 kina rangi ya 3, na njia yako inapita hapo hapo, basi kwako siku ile ni 3. Na 3 usiione kama "wastani" kwa kuwa iko katikati ya 1 na 5: kwenye miteremko iliyotajwa, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuiangusha.

Jumatano natazama ramani ya kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake. Mistari ikibanana, upepo ni mkali. Huku kaskazini mwa ikweta upepo huzunguka eneo la kanieneo dogo kinyume cha saa, kwa hiyo ukiupa mgongo, dhoruba iko mkono wako wa kushoto. Alhamisi nachagua eneo. Upepo wa magharibi ukija na mvua, milima ya pwani ya magharibi huinywa nyingi na Cairngorms, iliyo mashariki, hupata nafuu. Ukitoka mashariki, mambo hugeuka.

Ijumaa baada ya saa kumi jioni ndipo utabiri unaotufaa unakuwa tayari. Nasoma wa Mountain Weather Information Service, ambao umeigawa Uskoti maeneo matano, kisha wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ambao hutoa hali kwa vimo tofauti vya mlima mmoja. Picha ya jua kwenye simu iache: ile ni ya mji, na Fort William uko ufukweni. Jua linaweza kuwaka mjini huku kileleni mtu hasimami.

Soma upepo kwanza. Hadi maili 20 kwa saa ni kutembea kwa kawaida. Ukifika 30 unachosha, na mazungumzo yanakwisha. 40 unakuyumbisha, na hapo tunaacha migongo myembamba ya mlima. Kuanzia 50 tunabaki mabondeni, hata kama mbingu ni safi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo 40 inakusukuma mara nne ya 20, si mara mbili. Angalia pia dharuba, siyo wastani peke yake, na ukumbuke kwamba kwenye pengo kati ya vilele viwili hewa hubanwa ikakimbia kuliko namba uliyosoma.

Baada ya upepo, kimo cha sifuri, yaani pale hewa inapoanza kuwa chini ya kuganda. Fuata mwendo wake, si namba ya Jumamosi tu. Kikiwa mita 1,500 Alhamisi na mvua ikanyesha hadi vileleni, kisha kishuke hadi 400 Jumamosi, theluji yote iliyolowa itageuka barafu ngumu. Mara nyingi maporomoko hupungua hapo, lakini kuteleza kunaongezeka, na kramponi, vile vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya buti, utazifunga mapema. Siku yenyewe ya kuyeyuka ni mbaya zaidi: kingo za theluji zinazoning'inia juu ya magenge hukatika, na vijito vya asubuhi huwa mito jioni. Ninyi mlioona mto Nyamwamba ukizoa mawe na nyumba Mei 2013 hamhitaji somo la mto.

Wingu ni la tatu. Nafasi ya vilele kuwa wazi ikiandikwa asilimia 20, panga kutembea kwa dira mwanzo hadi mwisho. Theluji na ukungu vikiwa rangi moja, hujui kama hatua inayofuata ni ardhi au hewa. Kileleni Ben Nevis watu hushuka kwa dira na kuhesabu hatua: digrii 231 za ramani kwa mita 150, halafu digrii 282, kwa sababu ukikosea kidogo kuna makorongo yanayokungoja. Ndiyo maana sitakupeleka huko wikiendi ya kwanza.

Joto nalisoma mwisho. Hupungua digrii 6 hadi 10 kwa kila mita 1,000, kiasi kidogo ndani ya wingu, kikubwa kwenye hewa kavu. Mji wa Aviemore, ulio chini ya Cairn Gorm, ukiwa na 4 juu ya sifuri, kilele cha Cairn Gorm kitakuwa kati ya 2 na 6 chini yake. Ongeza upepo: digrii 5 chini ya sifuri na maili 30 kwa saa, ngozi inahisi kama 15 chini. Glavu ikipeperuka hapo, vidole havitafunga hata zipu, kwa hiyo jozi ya pili ni lazima.

Saa nazo zipigie hesabu. Kilomita 5 kwa saa, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 14 zenye mpando wa mita 800 ni kama saa nne na dakika nane. Kwenye theluji naongeza nusu, zinakuwa sita na zaidi. Katikati ya Februari jua hutua karibu saa kumi na moja jioni, basi tutaanza saa mbili asubuhi. Mpango wa njia ni kuupokea upepo usoni tungali na nguvu, turudi ukiwa mgongoni.

Jumamosi alfajiri natazama mambo mawili tu: kipimo cha kituo cha Cairn Gorm, nione kama upepo umewahi kuliko ilivyosemwa, na barabara, maana ile ya Cockbridge hadi Tomintoul hufungwa kwa theluji mara kwa mara. Dhoruba ikitangulia kwa saa tatu, tunabadilisha mlima kabla ya kuwasha gari. Utabiri nauandika kwenye karatasi, kwa kuwa betri ya simu hufa kwenye baridi. Simu yenyewe ikae mfuko wa ndani. Dharura ni 999: omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Filimbi ni mara sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia.

Shoka la barafu na kramponi tutakodi. Gambuti zako za Rwenzori ziache nyumbani: soli yake inapinda, kramponi zitachomoka. Nitumie namba ya buti zako, uipime ukiwa umevaa soksi nene, kwa sababu buti za baridi zenye soli ngumu huisha madukani mapema kabla ya wikiendi. Na Mama akipata nafasi, akufungie kahawa ya Kyarumba, iliyokwisha kukaangwa.

Kaka yako,
Mumbere