Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wathibitishaji

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na taarifa ya mitambo mnayo mikononi. Mimi nitalizungumzia jambo lililotugawa mwaka mzima: mwanachama akipata zamu ya kuandaa bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali, aitoe papo hapo au aikawize kwa makusudi?

Tangu Ethereum ihamie kwenye mfumo wa dhamana Septemba 2022, ambamo wathibitishaji kama sisi huweka sarafu rehani ili kuukagua mtandao, kila zamu ni sekunde 12. Mmoja hutoa bloku mwanzoni mwa zamu. Wapiga kura wake, yaani wathibitishaji waliopangiwa kuikagua bloku hiyo, wasipoiona mapema, hupiga kura ikifika sekunde ya 4. Katikati ya hapo ndipo penye kishawishi. Zabuni za waundaji wa bloku, yaani wanaopanga miamala na kumlipa mwenye zamu ili bloku yao itumike, hupanda kadiri miamala inavyoingia, kwa hiyo anayevuta muda kidogo huuza zamu yake kwa bei nzuri zaidi. Wala hapigwi faini: adhabu ya kukatwa dhamana ni ya anayetoa bloku mbili katika zamu moja au kupiga kura zinazopingana, si ya mchelewaji.

Wanaolipia ni wapiga kura. Bloku isipowafikia kwa wakati, wanaipigia ile iliyotangulia, na bloku mpya ikidumu wanakosa malipo ya kutambua kichwa cha mnyororo, yaani bloku yake ya mwisho. Wa kwanza kuumia ni wenye intaneti ya polepole, na hao ndio wengi wetu. Mchelewaji naye acheze kwa tahadhari: akipata chini ya asilimia 20 ya kura, anayefuata anaweza kuiruka bloku yake, na zabuni ile nono ikapotea yote.

Wapo waliosema tunaacha fedha mezani kwa wakubwa. Ni kweli, tunaacha. Lakini wakubwa wana mitambo iliyo karibu na wasambazaji wa zabuni na watu wa kupima milisekunde usiku na mchana. Katika mashindano hayo sisi tungeingia tukiwa tumeshachelewa, samahani kwa mzaha.

Kamati inapendekeza mitambo ya chama itoe bloku bila kuvuta muda. Mwenye mtambo wake ataamua mwenyewe, ila atutaarifu.

Tangu Mei 2025 mthibitishaji mmoja aweza kubeba dhamana ya hadi ETH 2,048 (ETH ni sarafu ya Ethereum). Katika azimio hili, mwenye hizo na mwenye 32, kiwango cha chini cha dhamana, watapiga kura moja moja.