Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Tandahimba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja kutufungulia maonesho ya vifaa vya maabara tulivyotengeneza wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule ina hadubini moja. Mwanafunzi huchungulia kidogo, anampisha mwenzake, anaondoka hajui kama alichoona ni seli au povu la hewa. Ndiyo maana tulianza na lenzi. Tulikata kipande cha bati la kopo, tukakitoboa kwa msumari mwembamba, tukapiga msasa kingo zake, kisha tukadondosha tone la maji kwenye tundu. Tone hujikunja likawa lenzi. Jicho linasogezwa karibu kabisa, bati linaelekezwa kwenye mwanga, na ngozi ya kitunguu iliyopakwa iodini inaonekana imegawanyika vyumba vyumba.

Tukaweka pia jani la mkorosho lenye ubwiriunga. Ule unga mweupe ambao wazazi wetu huupulizia salfa kila msimu ulionekana ni nyuzinyuzi. Ni kuvu, kiumbe hai kinachojilisha kwenye jani. Wapo wenzetu, watoto wa wakulima wa korosho, waliokuwa wakidhani ni vumbi tu.

Mezani utaona pia taa ya spiriti ya chupa ya jamu, chupa iliyokatwa na kufungwa maputo kuonesha mapafu yanavyojaa hewa, na bomba la sindano lililounganishwa na mpira wa dripu kupima tawi linavyofyonza maji. Bomba na mpira ni vipya, vya duka la dawa. Vilivyotumika hospitali hatuvigusi. Na tunapotoa rangi ya kijani kwenye jani ili kupima wanga, spiriti haipelekwi motoni kamwe: tunachemsha maji, tunazima moto, ndipo tunatumbukiza neli ya spiriti kwenye maji hayo.

Hata hivyo, tone hukauka upesi, na haliwezi kushika nafasi ya hadubini tunapojiandaa na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Maji nayo huku juu ni ya shida, na vyombo vya maabara lazima vioshwe.

Kwa hiyo tunaomba hadubini mbili, simtanki la kuvunia maji ya mvua, na kabati lenye kufuli la kuhifadhia kemikali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukianza ukaguzi, tafadhali anzia meza ya lenzi.

Tunaomba kuwasilisha.