Subira ya mtoto huanzia kwenye ahadi ya mzazi

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza umfanyeje huyu mjukuu wangu wa miaka minne anayejitupa chini kila mkipita dukani, na kama ni mapema mno kumpa kazi za nyumbani. Anza kwa kuchunga kauli yako na ya mwenzako.

Mtoto husubiri akiwa na hakika kwamba anachosubiri kitakuja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watoto 28. Waliahidiwa kalamu za rangi nzuri zaidi, kisha stika nzuri zaidi, wakivumilia kidogo. Nusu waliletewa kweli, nusu wakaambiwa samahani, hakuna. Baadaye kila mmoja akawekewa peremende moja laini: akiiacha mpaka mtu arudi, atapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Na aliyewadanganya alikuwa mtu baki, mara mbili tu. Sasa wewe piga hesabu ya "nyamaza, nikirudi nitakuletea pipi" za wiki nzima, na pipi zilizofika kweli. Mtoto wa nyumba hiyo akinyakua kilicho mbele yake, mimi namwona ana akili timamu.

Kwa hiyo ahidi machache, na ya karibu. "Kesho kutwa" kwake haina maana. "Ukimaliza kula" anaielewa. Kabla ya kutoka mwambie mlangoni: leo tunanunua unga na sabuni, pipi hatununui. Akilia, mtoe nje, kaa naye, usimhutubie, maana anayelia hasikii hotuba. Ukimnunulia baada ya robo saa ya kilio, umemwonyesha kwamba pipi inapatikana kwa robo saa, na safari ijayo ataimaliza yote. Siku unayojua umechoka na utashindwa, nunua mapema kabla hajaanza kulia. Si aibu.

Wala usiogope kuwa na msimamo. Watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kameruni, waliwekewa andazi la kwao katika jaribio la namna hiyo: karibu 70 katika kila 100 walingoja dakika kumi nzima. Kwa Wajerumani wa umri huo walifika 28. Kwa Wanso mama ndiye mwenye kauli, na mtoto hutarajiwa kujizuia tangu akiwa mdogo.

Kazi sasa. Si mapema hata kidogo, na kwa kuwa ni mvulana usiwasikilize wanaosema jikoni si mahali pake. Mpe sahani yake na vikombe viwili vya plastiki, si rundo. Weka mabeseni mawili chini na kigoda: moja la sabuni, jingine la kusuuzia, maji yasizidi nusu. Sabuni ya maji mpimie kijiko kimoja mwenyewe. Ukimwachia chupa ataimaliza kwa ajili ya povu. Mwonyeshe mpangilio: ndani ya kikombe, ukingo unaogusa mdomo, halafu kitako, kisha asuuze na kukiinamisha kwenye ungo. Wiki ya kwanza mnaosha pamoja, ya pili yeye anaosha wewe unasuuza, ya tatu anafanya peke yake ukiwa karibu. Iwe kila siku baada ya chakula cha mchana, ili isihitaji amri. Glasi, visu na maji ya moto bado. Mkimaliza mwageni maji papo hapo: beseni lenye maji ni hatari kwa mdogo wake anayetambaa.

Wengi huharibu kwa kurudia kuosha mbele ya mtoto. Hapo anajua alikuwa anachezeshwa tu. Kikibaki na mafuta, shika kidole chake umpitishe pale: unasikia utelezi? Mrudishie akioshe tena yeye. Na usimlipe, kwa sababu sahani hiyo kalia yeye.

Pesa za shule subiri afike darasa la pili: za siku mbili kwa mkupuo, baadaye za wiki. Zikiisha Jumanne usiongeze, ila chakula abebe cha nyumbani, asishinde njaa.

Kabla ya kumwita mkorofi, hesabu usingizi wake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitaja saa 10 hadi 13 kwa siku kwa watoto wa miaka mitatu na minne, pamoja na ule wa mchana, na simu au televisheni isizidi saa moja. Akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi gari la shule, amepata saa saba na nusu. Hapo hata mtu mzima angelia dukani.

Ukipandwa na hasira usitoe adhabu saa hiyo. Mwambie mtaongea mkishakula, na mkishakula muongee kweli. Usisahau kwa kuwa hasira imekwisha.

Nakusudia kuja likizo ya Desemba. Usimwambie babu anakuja mpaka nikate tiketi.

Baba yako