Nafasi Iliyoachiwa Besi

Kwako rafiki yangu Shabani,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako. Barua yako imenifikia pamoja na ule wimbo, na nimeusikiliza mara sita kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza swali la mstari mmoja tu: hii ni dubstep, ule muziki wa besi nzito uliozaliwa London, au siyo? Niliandika jibu la neno moja, nikalifuta. Nikaandika la aya nzima, nalo nikalifuta. Swali lako, ndugu yangu, limebeba swali jingine mgongoni, ambalo nimeishi nalo tangu siku ya kwanza nilipofungua programu ya kutengenezea muziki: ni nini hasa kinachoufanya mtindo mmoja uwe wenyewe, usiwe jirani yake?

Wengi huanzia kwenye hesabu, basi na sisi tuanzie hapo. Dubstep hutembea kwa mapigo 140 hivi kwa dakika. Gonga meza kwa kidole cha kushoto, sawasawa, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, kwa kasi ya mtu anayeanza kukimbia. Usisimame. Sasa mkono wa kulia upige kiki, ile ngoma nzito ya chini, kwenye moja, na sneya, ile ngoma yenye mlio mkavu, kwenye tatu peke yake. Mbili iache, nne iache. Endelea hivyo kwa nusu dakika. Kidole cha kushoto kinakimbia 140, lakini kichwa chako kimeanza kuitikia kwenye 70. Kutoka sneya moja hadi nyingine inapita sekunde 1.7, na kwenye muziki wa kucheza huo ni muda mrefu sana. Mwili unabaki unaning'inia kati ya kasi mbili, usijue uifuate ipi, na kule kuning'inia ndiko kunakoleta ule uzito anaoshindwa kuutaja mtu anayeusikia muziki huu mara ya kwanza.

Ila ukisema kasi ndiyo kitambulisho, umekwama papo hapo. Grime, muziki wa mashariki mwa London wa miaka ile ile ya mwanzo wa 2000, nayo hutembea kwa 140. Zote mbili zilipigwa Rinse FM wakati redio hiyo bado ikirusha matangazo bila leseni (leseni ilikuja mwaka 2010), na zote mbili zilikutana kwenye usiku wa muziki ulioitwa FWD, ulioanza mwaka 2001 katika klabu ya Velvet Rooms pale Soho kisha ukahamia Plastic People, Shoreditch. Kasi ni hiyo hiyo, chumba hicho hicho, na mara nyingi hata wasikilizaji ni wale wale. Pamoja na hayo, aliyezoea hawezi kuzichanganya. Kwenye grime, prodyuza anaacha pengo katikati ya biti ili MC aingie na maneno yake; ukiisikiliza biti bila MC unahisi kuna mtu anasubiriwa. Kwenye dubstep pengo lipo vilevile, lakini mpangaji wake ni mwingine. Mpangaji ni besi, na besi haisubiriwi na mtu yeyote kwa sababu imekwisha kuingia.

Najua utaniuliza habari za ile besi inayoyumba, maana ndiyo uliyoisifu kwenye barua yako. Vuta pumzi, sema "uuu", kisha bila kukata sauti fungua mdomo taratibu mpaka ufike "aaa", halafu urudi "uuu". Koo halikubadili noti hata kidogo. Mdomo ndio uliochuja. Besi ya kuyumba hutengenezwa hivyo hivyo. Kinanda cha kompyuta kinashikilia noti moja, mbele yake kuna kichujio kinachozuia sauti za juu, na kuna wimbi la polepole, ambalo wewe hulisikii lenyewe, linalokiamuru kichujio kifunguke na kujifunga. Ufundi wote uko kwenye mwendo wa wimbi hilo: liyumbe mara mbili kwa pigo, kisha mara tatu, kisha litulie kwa ghafla. Prodyuza hodari anakuimbia sentensi nzima kwa noti moja. Mimi naipenda sauti hiyo, sikufichi.

Hata hivyo, chukua albamu ya Burial, prodyuza wa London, iitwayo Untrue, iliyotoka mwaka 2007 chini ya lebo ya Hyperdub. Humo besi ya kuyumba huipati. Mdundo unachechemea kwa mtindo wa garage ya zamani, ule muziki wa kucheza wa vilabu vya London, kwa hiyo hata ile hesabu yetu ya sneya kwenye tatu haishiki. Kuna mchakacho kama wa santuri iliyochakaa, na vipande vya sauti za waimbaji vilivyokatwa, vikapandishwa na kushushwa mpaka hujui anayeimba ni mwanamume au mwanamke. Alama mbili kubwa za dubstep hazimo, na bado watu waliokulia ndani ya muziki huo waliipokea kama yao bila kusita. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba orodha ya viungo haitoshi.

Nikueleze lililonifungua masikio. Mara ya kwanza niliisikia dubstep kwenye spika ya simu, nikaona ni wimbo ambao haujamalizika: matoazi machache, sneya, mwangwi, kimya. Miezi kadhaa baadaye nikausikia wimbo ule ule nyumbani kwa jamaa mmoja mwenye spika kubwa zilizosimama sakafuni. Kwenye mlango wa chumba kile kulikuwa na ufunguo uliochomekwa kwenye kitasa, na mwingine unaning'inia kwenye pete yake. Besi ilipoingia, ule ufunguo unaoning'inia ulianza kulia. Baadaye nikagundua kwamba haulii kila mara. Unalia kwenye noti moja tu, ya tatu katika mzunguko wa noti nne. Nyingine zinapita umetulia. Nilisimama pale mlangoni nikiungojea mzunguko urudi, na kila ile noti ilipofika, ufunguo uliitikia. Kumbe wimbo ulikuwa umemalizika tangu zamani. Simu ndiyo iliyokuwa imemeza nusu yake.

Fanya hesabu ndogo uone kwa nini. Besi ya chini kabisa ya muziki huu huishi kwenye mitetemo 40 kwa sekunde, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Gawanya, utapata wimbi moja lenye urefu wa mita nane na nusu, refu kuliko vyumba vingi vya kulala. Kidude kilicho ndani ya simu, kisichozidi ukubwa wa ukucha, hakina ubavu wa kusukuma hewa kiasi hicho. Waliotengeneza dubstep ya mwanzo walijua wanatengenezea chombo gani, wakaacha sehemu za juu ziwe chache kwa makusudi, kwa sababu chini kulikuwa kumejaa.

Chombo hicho kilikuwa na asili yake, na asili hiyo imo ndani ya jina lenyewe. "Dub" ni ya Jamaika. Miaka ya 1970, King Tubby, fundi wa vyombo vya umeme pale Kingston, alikuwa akichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, anaiondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza ngoma na besi, kisha anairudisha sauti kwa vipande vipande vilivyotoswa kwenye mwangwi. Meza ya kuchanganyia muziki ikawa ala mikononi mwake. Wajamaika waliohamia Uingereza walikwenda na utamaduni wa masanduku makubwa ya spika, na watoto wa kusini mwa London wakakua wakiisikia besi kwa kifua. Ile "step" inatokana na 2-step, tawi la garage ya Uingereza ambamo kiki haigongi kila pigo bali inarukaruka. Vijana wa Croydon, kusini mwa London, waliichukua garage ile, wakaivua nakshi za mapenzi na sauti tamu, wakaitia giza.

Croydon penyewe kulikuwa na duka la santuri liitwalo Big Apple. Nyuma ya kaunta alikuwepo Hatcha, DJ, na waliomletea nyimbo zao walikuwa vijana wadogo kama Skream na Benga, na wengine kama Mala, Coki na Loefah. Hatcha alikuwa na mamlaka makubwa kwa jambo moja tu: kuchagua. Wimbo alioupenda aliupeleka kukatiwa santuri ya nakala moja, dubplate, ambayo huchakaa upesi kila inapopigwa. Fikiria maana yake, Shabani. Wimbo uko kwenye nakala moja, mikononi mwa mtu mmoja, na unapungua kila unaposikika. Ukiutaka, uende ulipo. Santuri nazo zina masharti yake: besi nzito ikitandazwa kushoto na kulia, sindano inaruka, hivyo besi huwekwa katikati, iwe nguzo moja. Unaweza kuisikia nguzo ile hata leo kwenye nyimbo zilizotengenezwa na watu ambao hawajawahi kukata santuri.

Mwaka 2005 Mala, Coki na Loefah walianzisha usiku wao wa DMZ katika klabu ya Mass, ndani ya jengo la kanisa pale Brixton. Matangazo yao yaliwaita watu waje kutafakari uzito wa besi. Kutafakari! Naona neno hilo linaeleza dubstep kuliko mapigo 140. Mwaka uliofuata, Januari, mtangazaji Mary Anne Hobbs akawakusanya wengi wao kwenye kipindi kimoja cha BBC Radio 1, na muziki wa vyumba vichache vya London ukasikika dunia nzima.

Nilijaribu kutengeneza wangu. Nilikuwa na viungo vyote, Shabani: 140, sneya kwenye tatu, besi ya kuyumba, mwangwi. Nilijaza treki 32, kila moja na sauti yake, na wimbo ukawa kama chumba kilichopangwa makabati mpaka mlangoni. Wiki mbili nikaongeza, ukazidi kuwa mbaya. Usiku mmoja, kwa kukata tamaa, nikaanza kufuta. Nikaondoa vinanda, nikaondoa matoazi ya pili, nikaondoa ile besi ya kuyumba niliyoitolea jasho, nikabakiza ya chini iliyo laini. Zilipobaki treki tano, wimbo ulivuta pumzi. Nilikaa nikausikiliza mpaka alfajiri, na sikuongeza kitu.

Sasa wimbo wako. Nimeuhesabu: 140. Sneya iko kwenye tatu. Besi inayumba, tena kwa ustadi mkubwa; aliyeitengeneza anajua kazi yake. Kwa orodha, amefaulu kila kipengele. Lakini sikiliza besi yenyewe inakaa wapi. Imepanda juu, kwenye sauti za kati, inanguruma na kukwaruza, na kila pengo limejazwa mngurumo mwingine. Njia hii ilianza kuonekana London kwenyewe, kwa watu kama Caspa na Rusko mnamo 2007, kisha Skrillex akaifikisha kileleni Marekani mwaka 2010. Ni muziki uliojengewa viwanja vya wazi vya maelfu ya watu, na unasikika vizuri hata kwenye kompyuta ya mapajani, kwa sababu sauti za kati hazihitaji spika kubwa. Sitaki kuudharau. Una furaha yake na nguvu yake, na vijana wengi waliingia kwenye muziki huu kupitia mlango huo. Kwangu mimi huo ni mtoto aliyechukua jina la ukoo akahama nyumba. Pengo lililoachiwa besi halimo tena, na mimi mtindo huu nautambua kwa pengo lile.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na najua wapo wanaoupenda muziki huu kama mimi watakaosema ndiyo. Nisingependa ulichukue kwa kuniamini tu. Nimekuwekea hapa Midnight Request Line ya Skream, ya mwaka 2005, na ule wangu wa treki tano. Usizisikilizie kwenye simu, tafadhali. Tafuta spika inayosimama chini, zima taa, kaa mbali nayo kidogo, halafu tembea polepole mle chumbani wakati wimbo unaendelea. Utakuta mahali ambapo besi inakuwa nzito ghafla, na hatua mbili mbele inapotea. Simama pale ilipo nzito.

Kisha uniandikie ni kitu gani chumbani mwako kililia, na ni kwenye noti ya ngapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Idrisa