Mwanangu, ile G uliyoniuliza

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye daladala, unauliza hii G ya kwenye fomula ya graviti, ile namba inayoonyesha mvutano kati ya vitu una nguvu kiasi gani, imetoka wapi na mbona kila mtu anakwambia ikariri tu, 6.674 mara kumi kwa hasi kumi na moja, basi. Nimefurahi sana mama yangu, maana hilo swali limewaumiza vichwa watu wazito na mpaka leo halijapata jibu la kukubalika na wote.

Kwanza ujue ilivyo ndogo. Unaikumbuka ile sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu, ukawa unaokotea pini za mama yako? Ile pini dunia nzima ilikuwa inaivuta chini, milima na bahari zake zote, na kasumaku ka kukaa kiganjani kakaishinda. Ndo maana kuipima ni shughuli. Kipimo cha mwanasayansi wa Uingereza Henry Cavendish cha mwaka 1798 kilikuwa na mapande mawili ya madini ya risasi, kila moja kilo 158 hivi, na vidogo viwili vinaning'inia kwenye ufito kwa waya mwembamba, afu yeye mwenyewe anachungulia kwa darubini kutoka nje ya chumba, maana joto la mwili wake tu lingesumbua hewa mle ndani. Yeye alikuwa anatafuta uzito wa dunia, G wengine wameitoa humo baadaye.

Lakini hapo tumepima tu, chanzo bado. Mwaka 1937 mwanafizikia Paul Dirac akaona kitu: ukilinganisha kani ya umeme na ya graviti kati ya protoni na elektroni, zile chembe ndogo za ndani ya atomu, unapata namba yenye sifuri kama 39, na umri wa ulimwengu ukiuhesabu kwa muda mwanga unaotumia kuvuka elektroni, unapata namba ya ukubwa huohuo. Akasema hii haiwezi kuwa bahati, kwa hiyo kadiri ulimwengu unavyozeeka G inapungua. Mwaka 1948 mwanafizikia mwenzake Edward Teller akamjibu kwamba kama zamani G ilikuwa kubwa basi jua lilikuwa kali zaidi na dunia ilikuwa karibu nalo zaidi, bahari zingekuwa zinakaribia kuchemka wakati tayari zina viumbe hai. Afu wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 wakaacha vioo mwezini, mpaka leo watu wanavipiga leza kupima umbali wa mwezi, mwanga unaenda na kurudi kwa sekunde mbili na nusu, na vipimo vinaonyesha G haibadiliki hata kwa sehemu moja ya trilioni kwa mwaka. Dirac alikosea, ila wazo lake lilipimika, na mimi kwa hilo namheshimu sana.

Inayonikaa moyoni ni ya mwanafunzi wake, Dennis Sciama, mwaka 1953. Daladala ikifunga breki ghafla unarushwa mbele, si ndiyo? Sciama, akimfuata mwanafizikia wa zamani Ernst Mach, akasema kinachokurusha ni maada yote iliyoko mbali huko, nyota na magalaksi, na G inatokana na wingi wa hiyo maada na umbali wake. Yaani haikuwekwa tu, ulimwengu wenyewe ndo unaipanga! Haijathibitishwa, lakini tangu niisome kila breki inanikumbusha.

Kwenye mtihani andika 6.674 kama walivyokufundisha. Sumaku ninayo kwenye droo, ukija likizo njoo na mshipi mwembamba wa kuvulia tujaribu cha Cavendish kule stoo, vyuma vizito nitatafuta mimi.

Baba yako